Mkoba wa Ugenini: Sahani ya Riali Moja na Nusu

Majibu ya Mama wa Kikwajuni

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na takriban zote zinauliza jambo moja: mtu akitoka kwao kwenda kufanya kazi au kusoma, ataishi kwa kiasi gani na atakula nini? Nimechagua tano. Kwa msomaji mpya, mimi nilipika jikoni mwa bweni la skuli Muscat tangu 2007 hadi 2016, kisha nikakaa London miaka minne, 2017 hadi 2021, nikipika kwenye kantini. Ninayoyajibu hapa nimeyalipia kwa mkono wangu. Daftari zangu za matumizi bado ninazo, kumi na mbili, zimo kabatini.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa chekechea, nina miaka 26, nimepata kazi Muscat. Mshahara riali 280, chumba wananipa wao, chakula juu yangu. Nyumbani wananambia hizo ni pesa nyingi mno, na mimi nikizigeuza kuwa shilingi naona kichwa kinazunguka. Lakini dada mmoja aliyerudi kanambia kule mshahara unaishia mdomoni. Nimwamini nani? — Msomaji, Chake Chake*

Marahaba binti yangu, na hongera. Nyumbani hawajakosea. Riali ya Oman imefungwa na dola tangu 1986 kwa kiwango kile kile, riali moja kwa dola 2.60, kwa hiyo mshahara wako kwa shilingi ni zaidi ya milioni moja na laki sita. Na huyo dada naye hajakosea. Kaa kitako nikueleze alichokusudia.

Riali moja ina baisa 1,000. Baisa ina jina dogo, na jina dogo linadanganya. Ukiambiwa chai ni baisa 200, sikio lako la Kipemba litasikia kama mia mbili ya kwetu, hela ya kumpa mtoto anunue peremende. Kumbe umelipa zaidi ya shilingi 1,200. Wengi wetu wiki ya kwanza tunaogopa kila kitu kwa sababu tunazidisha, wiki ya tatu tumechoka kuzidisha, na baada ya hapo pesa zinamwagika bila mtu kuzisikia.

Nimefungua daftari la kwanza ili nikuoneshe. Februari 2007. Mshahara wangu ulikuwa riali 220, chumba bure, chakula cha mchana nakula kazini. Nimeandika kwa kalamu ya kijani: chai na paratha, riali 14 na baisa 300. Chakula cha usiku, riali 39. Teksi, 18. Kadi za simu za kupiga nyumbani, 22. Hizo ni riali 93 na baisa 300, na sabuni bado sijanunua. Nyumbani nilituma 80.

Itazame hiyo 39. Ni biriani ya kuku ya riali moja na nusu, kwenye mkahawa wa Wahindi pale Ruwi, usiku 26. Kila nilipokaa mezani niliona nakula rahisi, na kweli ilikuwa rahisi: sahani imejaa, kuna kachumbari, kuna bakuli la mtindi, maji bure. Riali moja na nusu haimtishi mtu. Ni ule usiku 26 ulioniumiza.

Utaniuliza, wewe mpishi, kwa nini hukupika? Binti yangu, hili ndilo ninalotaka ulielewe kuliko mengine yote, ndiyo maana nimelitengea nafasi. Jiko lilikuwapo, sufuria zilikuwapo, na mchele uko dukani chini ya nyumba. Wenzangu wawili chumbani walikuwa zamu ya usiku. Nikirudi magharibi nakuta vitanda vitatu na mashine ya baridi inanguruma. Mkahawani kulikuwa na taa, kulikuwa na watu, na mhudumu mmoja kutoka Kerala aliyekuwa akiniona tu anaita jikoni “biriani moja” kabla sijakaa. Nilikuwa nalipa riali moja na nusu ili mtu mmoja katika mji ule aonekane ananijua. Njaa ingetulia kwa yai na mkate.

Machi nikaapa sili tena nje. Niliweza siku tisa. Ya kumi nilikaa kitandani nikalia, nikavaa baibui, nikaenda nikala chakula cha riali nne peke yangu. Kwa hiyo sikwambii usile nje, na anayekwambia hivyo hajakaa ugenini. Nakwambia uitengee pesa kama unavyotenga nauli. Mimi niliweka bahasha ya riali 12 kwa mwezi, nikala nje usiku mmoja tu kwa wiki, usiku wa kuamkia mapumziko, na nikahakikisha siendi peke yangu. Wakati huo mapumziko ya Oman yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Tangu 2013 ni Ijumaa na Jumamosi, basi usiku wako wewe utakuwa wa Alhamisi. Usiku mwengine nikaalika watu chumbani: kila mmoja anakuja na kitu chake, mimi natia moto.

Ramadhani yangu ya kwanza ilikuwa Septemba 2007. Mchana mikahawa yote imefungwa, na kula hadharani kumekatazwa na sheria. Futari ya kwanza nilifuturu kwa tende na maji, nimekaa juu ya ndoo. Ya tatu, bibi mmoja wa jirani akanisikia nikizungumza na simu ngazini. Alizaliwa Unguja, Kiswahili chake cha Mjini hasa, hakikupungua hata neno. Akanishika mkono akaniingiza kwake. Mezani palikuwa na tambi za sukari, vitumbua na uji wa pilipili manga. Nilikula kwake futari zote zilizobaki, na kila siku nilikwenda na kitu mkononi, hata kama ni fungu la kotmiri. Waomani wanaozungumza Kiswahili ni wengi Muscat. Usione haya kuwasalimia kwa lugha yetu sokoni, wataitika.

Sasa mambo ya kikapu. Samaki nunua soko la Matrah asubuhi mapema, nguru na jodari wamo, na watakukatia. Nazi hutoka Salala, kusini kabisa mwa Oman, ambako minazi na migomba imeota kama kwetu. Ukiziona nazi hizo zichukue, ni tamu kuliko za kopo. Kodi ya ongezeko la thamani Oman ni asilimia 5, ilianza Aprili 2021, na vyakula vingi vya msingi vimesamehewa. Usiingie na wenzako hoteli kubwa kwa kuangalia bei ya kwenye orodha peke yake, maana juu yake huongezwa ada ya huduma na kodi, na risiti inakuja na sura nyengine. Mishkaki ya barabarani huko inaitwa *mishkak*, neno ni lile lile, nayo ndiyo chakula cha nje cha mtu mwenye bahasha ndogo. Chai ya karak, ile nzito ya maziwa, nilipoondoka 2016 bado niliipata kwa baisa 100 kwenye vibanda vingine. Usafiri, yako mabasi mekundu ya Mwasalat siku hizi, hutohitaji teksi kama mimi.

Ningekuwa mimi ndiye wewe, riali 280 ningezigawa hivi: 60 chakula cha kupika, 20 bahasha ya kula nje, 25 nauli, 10 simu, 100 nyumbani, na 65 ziwekwe zisiguswe. Ile 100 ya nyumbani waambie kabla hujapanda ndege, tena mbele ya baba yako, ili isipande kila msiba na kila harusi. Na kabla ya kutia saini uliza kwa maandishi: gari la kazini lipo? Bima ya matibabu nani analipa? Tiketi ya likizo ni ya kila mwaka au ya mwisho wa mkataba? Mambo hayo matatu yakiwa juu yako, mshahara wako si 280 tena.

*Habari za kazi, Mama. Mimi ni mhudumu wa mkahawa ufukweni Paje. Wateja wetu wengi sasa si watalii wa wiki moja, wanakaa miezi, wanafanya kazi zao kwa kompyuta. Kila siku wananilalamikia kuwa Unguja ni ghali, wanakula kwa bei ya kwao. Mmoja kanionesha kwenye simu orodha ya miji ghali duniani. Sijui niwajibu nini. Na je, ni haki wao kulipa zaidi yetu? — Msomaji, Paje*

Mwanangu, orodha hizo nimezisoma sana nilipokuwa nje, na nitakueleza zinavyotengenezwa. Mashuhuri ni ile ya kampuni ya Mercer. Wanachukua New York kuwa kipimo, wanaangalia bei za vitu zaidi ya 200 katika kila mji: nyumba ya kupanga, usafiri, chakula, nguo, starehe. Wateja wa orodha hiyo ni makampuni yanayopeleka wafanyakazi nchi za nje na kutaka kujua wawalipe kiasi gani. 2024 walioongoza ni Hong Kong, Singapore na Zurich, sawa, hakuna wa kushangaa. Lakini 2017 wa kwanza alikuwa Luanda, mji mkuu wa Angola. Ulipita London, ulipita Tokyo.

Muuza samaki wa Luanda hakuwa na habari hiyo. Orodha haikupima mchuzi wake. Ilipima nyumba yenye ulinzi katika mji ambao nyumba za aina hiyo zilikuwa chache, na vyakula vya Ulaya vilivyoletwa kwa meli. Mtu akitaka kuishi Luanda kama anaishi New York, atalipa kuliko New York.

Na Paje ndivyo hivyo hivyo. Mwambie mteja wako aitazame sahani yake. Jibini imevuka bahari. Maziwa ya lozi yamevuka bahari. Hata tungule, vitunguu na mbatata, sehemu kubwa tunaletewa na majahazi na boti kutoka Bara, na bahari ikichafuka bei ya tungule Darajani inapanda siku hiyo hiyo. Umeme wenyewe unapita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni, Bara, hadi Fumba. Nadhani ulikuwa mdogo waya ule ulipoharibika Disemba 2009, Unguja nzima ikakaa kiza mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Mimi niko Muscat, dada yangu ananipigia analia samaki wameoza kwenye friji. Kila mwenye hoteli akanunua jenereta, na tangu hapo mafuta ya jenereta yamo ndani ya bei ya sahani hata siku ambayo haikuwashwa. Kisha inakuja masika. Mei ufukwe mtupu, mpishi anataka mshahara wake, na pango la duka halijui mvua. Mwenye mkahawa anakula Mei kwa pesa za Julai na Agosti.

Kuhusu haki, nina msimamo. Bei mbili si dhuluma zikiwa zimeandikwa. Boti za Dar zina nauli ya mkaazi na nauli ya mgeni, ziko dirishani, kila mtu anaziona kabla ya kutoa pesa. Kinachoniudhi ni bei inayotungwa papo hapo kwa kumtazama mtu rangi. Nafuu ya leo inatuharibia jina la miaka. Mgeni anayekaa miezi sita ana jirani, ana fundi wake, ana duka lake la mkate. Atajua bei ya kweli mwezi wa pili, na ataona aibu kwa niaba yetu.

Lakini na wao wana la kusikia. Hoteli zikinunua pweza wote ufukweni kabla jua halijapanda, mama wa Paje anayetaka pweza wa mchuzi wa watoto anambiwa bei ya hoteli. Pweza yule yule, mwamba ule ule uliochokolewa na mikono ya jirani yake. Mgeni anapolalamika kuwa sahani ni ghali, amkumbuke huyo mama ambaye hana hata sahani ya kulalamikia. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu kwetu pweza alikuwa chakula cha mtu ambaye hana pesa ya nguru.

Siku yako ya mapumziko, wachukue wawili watatu uwapeleke mjini wakale urojo. Usiwapeleke penye mabango ya Kiingereza. Wapeleke palipo na sufuria kubwa na benchi, mama anachota ule mchuzi wa manjano uliochachuliwa kwa embe mbichi, anatia mbatata, anatia bajia, anavunja kachori kwa vidole, chatini ya nazi, pilipili, kisha juu kabisa mkono mmoja wa chipsi za muhogo zilizopondwa. Bakuli shilingi 2,000, kwengine 3,000, wakati sahani ya kwenu Paje naamini haishuki 25,000. Waache wale huku wamesimama, jasho liwatoke puani. Hapo hutohitaji kuwajibu.

Jambo dogo kabla sijakuacha. Mzungu anayefanya kazi Paje tunamwita mtaalamu, na binti yetu wa Chake Chake akifanya kazi Muscat tunasema kaenda ukibarua Uarabuni. Wote wawili wako ugenini wanatafuta riziki. Mimi nawaita wote wageni wakaazi, na nakuomba nawe uwaite hivyo.

*Assalaamu alaykum dada yangu. Mwanangu wa kiume yuko London masomoni mwaka wa pili. Tunamtumia kila mwezi, baba yake kashauza ng'ombe wawili. Juzi kasema sahani moja ya chakula ni paundi 15. Hapa Mkoani tumehesabu tukaona kama anatudanganya. Niambie ukweli, mimi ni mama. — Msomaji, Mkoani*

Waalaykum salaam mama mwenzangu. Hakudanganyeni. Paundi 15 ni karibu shilingi 50,000, na kwenye mkahawa wa kawaida London hiyo ni sahani moja, bila ya kinywaji. Tena huenda kakuficheni mengine. Mikahawa mingi ya London huongeza ada ya huduma asilimia 12 na nusu chini ya risiti, hivyo paundi 15 inakuwa karibu 16 na peni 88. Ada hiyo kwa kawaida ni ya hiari, mtu anaweza kuomba iondolewe, lakini kijana wa Mkoani ataona haya, nami nilikuwa naona haya.

Sasa nikuulize wewe umuulize yeye: anakula nje mara ngapi? Kwa sababu Uingereza imeweka ukuta mkubwa baina ya chakula cha kupika na chakula kilichopikwa, kuliko nchi yoyote niliyokaa. Mchele, unga, maziwa, mboga, nyama mbichi, vyote hivyo havitozwi kodi ya ongezeko la thamani. Ukikaa mkahawani, kodi ni asilimia 20. Ukichukua chakula cha moto ukaondoka nacho, asilimia 20. Mkate wenye kitu ndani ukiuzwa baridi wa kuchukua, hakuna kodi. Ndiyo maana utaona wafanyakazi wa London wenye mishahara mizuri wanakula mkate baridi kwenye bustani adhuhuri, mvua inawanyea. Mwanzoni nilidhani hawapendi chakula.

Mwanao akijua kupika wali na maharagwe ya nazi, atakula siku nzima kwa bei ambayo mkahawani haimpatii hata supu. Mimi kila Jumamosi nilikuwa nakwenda Queen's Market, Upton Park, mashariki ya mji. Siku ya kwanza nilisimama pale nikashindwa kusogea. Wamepanga mabakuli ya chuma juu ya meza, bakuli la bamia, bakuli la pilipili, bakuli la mabilingani, bakuli la embe, kila bakuli paundi moja, na muuzaji anapiga kelele kama mnada wa samaki Malindi. Ni mafungu ya Darajani yametiwa kwenye mabakuli. Muhogo upo, ndizi mbichi zipo, nyama ya halali ipo kila upande. Nenda naye kwa simu siku moja, mwambie akuoneshe. Na supamaketi jioni hubandika vibandiko vya manjano kwenye vyakula vinavyokaribia tarehe yake, bei inashuka nusu na zaidi. Hakuna anayemcheka mtu anayechukua hivyo, hata wenyeji wanavisubiri.

Akialikwa na wenzake mkahawani, aende, maana mwanafunzi anayejifungia chumbani anaharibikiwa na mengi kuliko pesa. Aagize maji ya bomba: Uingereza mkahawa wenye leseni ya pombe unalazimika kisheria kumpa mteja maji ya bomba bure akiyataka. Basi la London lina nauli moja popote liendako, ni nafuu kuliko treni. Na viza ya masomo ya shahada inamruhusu kazi mpaka saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, asizidishe hata moja.

Ng'ombe wa tatu, mama mwenzangu, msimuuze kwanza. Mwombe mwanao kwa upole akuandikieni matumizi ya mwezi mmoja, kila kitu, hata kahawa. Usimwambie kuwa mlimshuku. Kama paundi 15 inatokea mara moja kwa wiki, mtumieni kwa moyo mweupe. Ikiwa inatokea kila usiku, basi mwanao ana upweke, na hapo anahitaji kupigiwa simu zaidi kuliko kutumiwa pesa. Mpigie usiku, saa ya chakula. Mweke kwenye simu, nawe unapika huku, naye anapika kule.

*Mama, nakwenda Marekani kwenye mafunzo ya wiki sita, halafu Japani wiki mbili. Bakshishi ni lazima? — Msomaji, Mombasa Kwa Mchina, Unguja*

Marekani ihesabu kuwa ni lazima, asilimia 15 hadi 20, ukikaa ukahudumiwa mezani. Sababu ni hii: sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2 na senti 13 tu kwa saa, ilimradi bakshishi imfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7 na senti 25. Majimbo kadhaa yamepandisha zaidi, lakini kiwango hicho cha 2.13 hakijaguswa tangu 1991. Ukiondoka bila ya kutoa, umemnyima mtu mshahara wake. Na bei ya kwenye orodha haina kodi ndani yake, inajumlishwa mwisho, kwa hiyo kila sahani ya dola 20 iandikie dola 25 au 26 kichwani.

Japani usitoe kabisa. Watakukimbilia barabarani wakurudishie wakidhani umesahau. Kodi huko ni asilimia 10 ukila ndani, asilimia 8 ukichukua ukaondoka.

*Shikamoo. Mume wangu kahamishiwa Doha nami namfuata baada ya Idi na watoto wawili. Mkobani nitie nini cha jikoni ili tusile nje kila siku? Uzito ni kilo 30. — Msomaji, Wete*

Marahaba. Mchele usibebe, sukari usibebe, wala bizari nyingi usibebe, Doha imejaa maduka ya Wahindi na utapata zote. Nazi ya kopo ipo kila rafu, kwa hiyo mbuzi ya kukunia muachie mama yako. Karafuu tia za kikombe kimoja za pilau. Usikubali kumbebea mtu mfuko, maana karafuu za biashara huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) peke yake na utashikwa bandarini kwa mzigo ambao si wako.

Bizari ya pilau ya nyumbani kwenu, iliyosagwa na mkono unaoujua, tia nusu kilo. Hiyo haiuzwi popote. Kikaango cha vitumbua, kile kizito chenye vishimo saba, kitakula kilo mbili na zaidi, lakini kibebe. Nilikiacha changu Kikwajuni nikajuta miaka mitatu mpaka mtu aliponiletea, na siku nilipokipata nilipika vitumbua saa tano usiku, nikagonga milango ya ngazi nzima. Achari ya embe ifunge kwa nailoni mara tatu, uitie kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi. Mwiko mmoja wa mti. Kawa ya kufunikia chakula haina uzito, na watoto wakiiona mezani watajua wako kwao.

Wiki ya kwanza kuleni nje, msijitese, nyumba itakuwa haina hata kisu. Ila mume wako ataje kiasi kabla hamjatoka mlangoni. Na nunua daftari la kurasa 200 Darajani ukipita mjini kuondoka, uanze kuandika tangu chai ya uwanja wa ndege. Kalamu tia mbili.